Ununue nini na utoze ngapi: mwongozo wa vifurushi vya mwanzo vya usafi wa kina wa gari

Anayeanza kazi ya kusafisha magari kwa kina, ditelingi kama wengi wanavyoiita, huuliza maswali yale yale. Ninunue bidhaa zipi kwanza? Gari moja linakula kemikali kiasi gani? Nitoze ngapi, na nifanyeje mwenzangu akitoza nusu ya bei yangu? Majibu yako hapa, yamepangwa kwa vifurushi vitatu vya msingi: nje, ndani, na kamili. Kupiga polishi kwa mashine, kotingi ya seramiki na kuondoa mikwaruzo havimo. Hizo jifunze kwanza, uziuze baadaye.

Kabla hatujaanza, shika jambo moja. Kemikali inayotumika kwenye gari moja ni pesa ndogo kuliko unavyodhani. Kinachokula pesa ni muda wako. Kwa hiyo bidhaa nzuri ni ile inayokuokolea dakika bila kuharibu gari, na bei nzuri ni ile iliyohesabiwa kwa saa. Wengi hufanya kinyume: hubana senti kwenye shampuu, kisha hugawa saa nzima bure.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Chombo cha kupimia mililita. Sirinji kubwa ya ml 50 au kikombe chenye alama vinatosha. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa.
- Daftari, na simu yenye saa ya kupima muda.
- Ndoo mbili za lita 15 hadi 20, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glavu ya kuoshea, kila moja na wavu wa chini wa kuzuia mchanga, pamoja na ndoo ya tatu ya magurudumu peke yake.
- Mashine ya presha ya bar 80 hadi 130, yenye nozeli ya digrii 25 au 40. Nozeli ya ncha moja iweke mbali kabisa na gari.
- Kifyonzavumbi kinachovuta vumbi na maji.
- Glavu mbili za kuoshea za mikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi nyembamba sana. Sponji ya kawaida haifai, kwa sababu punje za mchanga hubaki juu ya uso wake na kukwaruza rangi.
- Taulo ndogo za mikrofaiba 24 na mbili kubwa za kukaushia.
- Brashi laini ya rimu, brashi ngumu ya matairi, na brashi ndogo ya matundu ya hewa.
- Chupa nne za kupuliza zenye lebo, glavu za mpira za mikononi na miwani ya kukinga macho.
- Magari manne ya kujaribia, ya ukubwa tofauti. La kwako, la ndugu, la rafiki, yote sawa. Bila haya, bei yako itakuwa ya kubahatisha.

Hatua ya 1. Andika kilichomo na kisichomo katika kila kifurushi

Fanya hivi kabla ya kununua hata chupa moja, maana orodha ya kazi ndiyo itakayokuambia bidhaa unazohitaji.

Nje: kusuuza, rimu na matairi, kuosha bodi kwa ndoo mbili, kukausha, kufuta fremu za milango, vioo kwa nje, dawa ya matairi, na waksi ya kupuliza.

Ndani: kutoa takataka, kufyonza vumbi kwenye siti, sakafu na buti, kufuta dashibodi na milango, kusafisha mazulia ya kutoa, kupaka kinga kwenye plastiki, vioo kwa ndani.

Kamili: vyote viwili kwa pamoja.

Sasa andika visivyomo: kuosha siti za kitambaa, nywele za mbwa na paka, lami iliyoganda, kusafisha injini, matapishi na maziwa yaliyomwagika, harufu ya sigara. Hivi ni huduma za ziada zenye bei zake. Mteja akisikia “usafi wa ndani” huona akilini siti zilizooshwa kwa maji na sabuni. Usipomwambia mapema kwamba siti zinafyonzwa vumbi tu, mtagombana wakati wa kukabidhi funguo, naye atakuwa na haki.

Hatua ya 2. Nunua bidhaa saba

Saba tu. Rafu yenye chupa thelathini ni mtaji uliolala.

*Shampuu ya gari.* Tafuta iliyoandikwa pH 7 au karibu na hapo, yaani isiyo asidi wala alkali. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, hivyo itaondoa waksi uliyopaka wiki iliyopita. Sabuni ya unga ni alkali, na punje zisizoyeyuka hukwaruza. Jaribio ni rahisi: changanya kidogo kwa kipimo cha kwenye lebo, chovya vidole viwili, visugue. Viteleze kama vimepakwa mafuta. Utelezi huo ndio unaobeba mchanga usikwaruze rangi. Mapovu ya ndooni ni ya kupendeza macho tu.

*Kisafishaji cha matumizi yote.* Hii ndiyo chupa utakayoishika mara nyingi kuliko zote. Kwa kawaida ni alkali na huuzwa nzito ili uichanganye na maji: 1:10 kwa plastiki za ndani, 1:4 kwa matairi na chini ya madigadi. Kisikaukie juu ya plastiki wala alumini isiyo na rangi, kitaacha michirizi myeupe isiyotoka kirahisi.

*Kisafishaji cha rimu.* Hapa kuwa mwangalifu kuliko popote. Zipo bidhaa zenye asidi ya hidrofloriki au amonia baifloridi. Husafisha kwa sekunde chache, na ndiyo maana zinavutia. Lakini asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi na kuharibu tishu za ndani hadi mifupa, na maumivu yanaweza kuchelewa kuja, wakati madhara yameshaanza. Anayeanza asiziguse. Chukua ya pH ya kati. Zile zinazogeuka zambarau zinapokutana na vumbi la chuma la breki ni nzuri, ingawa zinanuka. Usipulize kamwe kwenye rimu yenye moto. Weka kiganja karibu na rimu. Ukisikia joto, anza na kazi nyingine.

*Kisafisha vioo.* Kisiwe na amonia. Karatasi ya tinti hubandikwa upande wa ndani wa kioo, na amonia huidhoofisha hadi ikapauka au kubanduka.

*Waksi ya kupuliza.* Hupakwa kwa dakika kumi hadi kumi na tano na hukaa wiki kadhaa. Waksi ya kopo ya karnauba hudumu zaidi, mwezi mmoja hadi miwili au mitatu kwa matumizi ya kawaida, lakini inaweza kukumeza dakika arobaini. Iweke kwenye orodha ya ziada. Usimwahidi mteja miezi iliyoandikwa kwenye chupa, kwa sababu anayelaza gari juani na kulipitisha matopeni hatapata miezi hiyo.

*Dawa ya matairi.* Chagua ya maji, siyo ya kiyeyushi. Hung'aa kwa kiasi na hairuki sana kwenye bodi gari likianza kutembea. Paka ubavu wa tairi tu. Sehemu inayogusa barabara isiguswe.

*Kinga ya plastiki za ndani.* Chagua isiyong'aa. Dashibodi inayong'aa hujiakisi kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva juani. Usipake kwenye usukani, pedali, gia wala mikanda ya siti. Pedali inayoteleza ni ajali.

Manukato ni hiari. Watu wengi huumwa kichwa na manukato makali; ukiweka, weka kidogo na uulize kwanza.

Ngozi haihitaji bidhaa ya nane siku ya kwanza. Siti nyingi za ngozi za magari zina tabaka la rangi na kinga juu yake, hivyo kisafishaji cha matumizi yote kwa 1:15 hadi 1:20, kwenye taulo na siyo moja kwa moja kwenye siti, kitaondoa uchafu wa kawaida. Jaribu kwanza pasipoonekana. Taulo ikitoka na rangi ya siti, acha.

Hatua ya 3. Elewa uwiano wa kuchanganya

Hapa ndipo pesa nyingi na plastiki nyingi hupotelea. Uwiano wa 1:10 maana yake ni sehemu moja ya dawa na sehemu kumi za maji, jumla sehemu kumi na moja. Kwa hiyo:

kiasi cha dawa = ujazo wa chupa ÷ (namba ya maji + 1)

Chupa ya lita 1 kwa 1:10 inahitaji ml 91. Chupa ya ml 750 kwa uwiano huo huo, ml 68. Lita 1 kwa 1:20, ml 48. Lita 1 kwa 1:4, ml 200. Wengi kwenye 1:4 huweka robo, yaani ml 250. Hiyo ni dawa zaidi kwa asilimia 25 kila chupa, kwa mwaka mzima.

Tanguliza maji, kisha dawa. Ukianza na dawa, povu litajaa shingoni na hutafikisha kipimo. Tikisa taratibu, kisha andika kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika: jina, uwiano, tarehe. Chupa mbili zenye maji ya kijani zisizo na jina zitakuja kukuaibisha siku moja, pale utakapopuliza dawa ya matairi kwenye dashibodi.

Kwa ndoo ya kuoshea, ml 20 hadi 30 za shampuu kwenye lita 10 za maji ndicho kipimo cha kawaida, ila soma lebo yako kwanza. Bunduki ya povu ina hesabu nyingine: chupa yake ya lita 1 ukiijaza kwa 1:10 unatumia ml 91, karibu mara tatu ya ndoo, na bado utaosha kwa ndoo baada yake. Povu hulainisha uchafu kabla ya kuugusa, na kwa gari lenye matope lina faida kweli. Kwa gari lenye vumbi jepesi, suuza vizuri uendelee.

Hatua ya 4. Linganisha bei ya bidhaa kwa gari, siyo kwa chupa

Kuanzia hapa namba za pesa ni za mfano na hazina sarafu. Weka za kwako.

Tuseme dukani kuna kisafishaji kilichokwisha kuchanganywa, lita 1 kwa 4. Pembeni yake kuna kizito, lita 5 kwa 15. Kwa haraka cha kwanza kinaonekana rahisi. Lakini lita 5 kwa 1:10 hutoa lita 55 za kutumia, kila moja ikigharimu 0.27. Cha “rahisi” ni ghali karibu mara 15.

Hata hivyo usikimbilie galoni. Nunua chupa ndogo kwanza, uitumie kwenye magari matatu, ndipo ununue kubwa. Waksi na kinga za plastiki zisihifadhiwe kwenye joto kali wala baridi ya kugandisha. Zikitengana na zisirudi hata baada ya kutikiswa, zitupe.

Hatua ya 5. Wekeza kwenye taulo

Shampuu ya wastani na taulo nzuri hutoa kazi safi. Shampuu bora na taulo mbovu hutoa mikwaruzo ya duara inayoonekana jua likipiga boneti.

Mikrofaiba hupimwa kwa uzito, gramu kwa mita ya mraba. Za 300 hadi 400 ni za vioo, plastiki na kazi za ndani. Za 500 na kuendelea ni za kukaushia na kufuta waksi. Mchanganyiko wa asilimia 80 poliesta na 20 poliamidi ni wa kawaida. Wa 70 kwa 30 hunyonya maji zaidi na ni ghali zaidi. Kata kibandiko cha kiwandani kabla ya matumizi ya kwanza. Kale kapande kagumu kadogo kanatosha kuchora mstari kwenye rangi nyeusi.

Panga kwa rangi: moja ya bodi, moja ya ndani, moja ya vioo, na zilizochakaa kwa rimu. Taulo iliyopanda daraja la rimu haishuki tena kuja kwenye bodi, hata ikifuliwa mara ngapi. Ikunje mara mbili upate pande nane safi, na ugeuze kila upande unapochafuka. Ikianguka chini, hata mara moja, hata kwenye sakafu safi, iende kwenye kapu la kufuliwa.

Fua kwa sabuni ya maji na maji ya vuguvugu, zikiwa peke yake. Zikichanganywa na pamba hunasa nyuzi, na nyuzi hizo utaziona kwenye kioo cha mteja. Usitumie kilainisha nguo, kwa sababu hupaka nyuzi na taulo haitanyonya tena. Joto kali la mashine ya kukaushia huyeyusha ncha za nyuzi na kuzifanya ngumu.

Hatua ya 6. Pima muda kwenye magari ya majaribio

Fanya kila kifurushi mara tatu au nne ukiwa umewasha saa. Gari la kwanza usilihesabu, bado unatafuta vitu vilipo. Andika dakika za kila hatua: kupanga vifaa, kukagua gari na mwenyewe, kusuuza, rimu, kuosha, kukausha, na kuendelea hadi kukabidhi na kusafisha ndoo. Dakika za kupanga na kukabidhi ndizo watu husahau, na mara nyingi zinafika kumi na tano.

Chukua wastani, ongeza asilimia 15. Kwa gari dogo na mtu mmoja anayeanza, usishangae ukipata nje dakika 80 na ndani dakika 115. Kamili itakuwa dakika 180 badala ya 195, kwa sababu kupanga na kukabidhi kunafanyika mara moja tu. Kumbuka hizo dakika 15, tutazirudia.

Hatua ya 7. Tafuta gharama ya saa yako moja

Jumlisha mzigo wa mwezi: ujira wako, kodi ya eneo, bima, simu, usafiri, matengenezo. Ujira wako ni gharama kama kodi, usiusubiri “kitakachobaki”. Tuseme ujira 900, kodi 200, mengineyo 330. Jumla 1,430.

Sasa saa. Siku 26 kwa saa 8 ni saa 208, lakini huuzi zote. Kuna kusubiri, kununua bidhaa, kufua taulo, mvua, mteja asiyetokea. Saa 5.5 kwa siku ni makadirio mazuri kwa mwenye wateja: saa 143 kwa mwezi. 1,430 ÷ 143 = 10 kwa saa. Ukigawanya kwa 208 utapata chini ya 7, na hapo umejikata karibu theluthi kabla hujagusa gari.

Miezi ya mwanzo hutauza saa 143. Usipandishe bei ili kufidia saa tupu. Zihesabu kama sehemu ya mtaji wa kuanzia na uziwekee akiba.

Hatua ya 8. Jenga bei ya kifurushi

Tuchukue kifurushi kamili kwa gari dogo. Bidhaa:

- Shampuu ml 30, kutoka lita 5 ya bei 20: 0.12
- Kisafishaji cha matumizi yote, ml 500 kwa 1:10, yaani ml 45 za dawa: 0.14
- Kisafishaji cha rimu ml 100, lita ni 6: 0.60
- Dawa ya matairi ml 60, lita ni 8: 0.48
- Kisafisha vioo ml 50, lita ni 4: 0.20
- Waksi na kinga ya ndani, ml 40 kwa pamoja, lita ni 12: 0.48

Jumla 2.02. Ongeza uchakavu wa taulo (taulo 12 za bei 1, kila moja ikidumu mifuo 60: 0.20), maji na umeme 1.00, na uchakavu wa mashine (200 kwa magari 500: 0.40). Inafika 3.62.

Muda: saa 3 kwa 10 ni 30. Jumla 33.62. Ongeza asilimia 10 ya kurudia kazi na vilivyomwagika: 36.98.

Sasa faida, ambayo ndiyo itakayonunua mashine mpya na kukubeba mwezi mbaya. Ukitaka faida ya asilimia 20 ya bei, usiongeze asilimia 20 juu ya gharama. Ukiongeza hivyo utapata 44.38, na faida halisi ndani yake ni kama asilimia 17. Gawanya kwa 0.8: 36.98 ÷ 0.8 = 46.23. Toza 46.

Itazame tena hiyo 46. Kemikali zote ni 2.02. Ukihangaika ukapata shampuu ya nusu bei, umeokoa 0.06. Ukipanga vifaa vyako vizuri ukaokoa dakika 10, umeokoa 1.67.

Rudia hesabu hii kwa nje peke yake na ndani peke yake.

Hatua ya 9. Rekebisha kwa ukubwa na hali ya gari

Gari dogo ni 1. Gari la juu la viti vitano, zidisha kwa 1.25. La viti saba au basi dogo, 1.5. Yahakiki kwa saa yako. Mwenye kimo kifupi anayehitaji ngazi kwa kila paa atapata namba nyingine.

Hali ya gari ina uzito kuliko ukubwa. Tangaza bei kwa neno “kuanzia”, na usitamke ya mwisho kabla hujafungua milango yote na buti. Omba picha za siti ya nyuma na sakafu kama mteja yuko mbali. Mchanga wa ufukweni uliojikita kwenye kapeti unaweza kula saa nzima.

Kabla ya kuanza, zunguka gari na mwenyewe ukipiga picha za mikwaruzo, rimu zilizochubuka na vioo vyenye ufa. Dakika tatu hizi zinakukinga na mengi.

Hatua ya 10. Panga ziada na punguzo

Ziada zihesabiwe kwa njia ile ile, dakika kwanza. Kuosha siti za kitambaa, kuondoa nywele za wanyama na kupitisha udongo laini wa kunasa uchafu kwenye rangi ndizo zinazoombwa zaidi. Udongo huo ukianguka chini, utupe. Punje moja iliyonata itachora bodi nzima.

Punguzo la haki la kifurushi kamili ni zile dakika 15 ulizookoa. Kwa mfano wetu, nje na ndani vikinunuliwa mbali mbali hufika karibu 49.7, na kamili ni 46. Tofauti ni kama asilimia 7. Ukitoa tena asilimia 20 kwenye hiyo 46, faida yako yote imekwenda na haujapata dakika hata moja badala yake.

Tahadhari zisizojadiliwa

Usichanganye dawa ya klorini na asidi wala na amonia. Gesi inayotoka ni sumu. Usimwage maji chini ya siti, kwani huko kuna nyaya za mifuko ya hewa na vihisi. Kitambaa cha dari kifutwe kwa taulo yenye unyevu tu. Kikilowa, gundi huachia na dari hulegea. Osha kivulini, bodi ikiwa baridi. Ncha ya mashine ya presha iwe angalau sentimita 30 kutoka kwenye rangi, na zaidi pale rangi ilipobanduka.

Yakienda kombo

*Kioo kinabaki na ukungu.* Umetumia dawa nyingi au taulo iliyofuliwa na kilainisha nguo. Futa kwa taulo yenye maji matupu, kisha taulo kavu nyingine. Ndani pitisha kulala, nje pitisha kusimama. Mstari ukibaki utajua uko upande gani.

*Waksi inaacha mabaka.* Bodi ilikuwa na joto, au umepuliza nyingi. Puliza kidogo mahali pale pale, futa haraka, geuza taulo. Eneo la nusu boneti kwa wakati mmoja linatosha.

*Madoa meupe ya maji baada ya kuosha.* Maji yamekaukia juu ya bodi na kuacha madini, hasa kalsiamu. Yakiwa mapya, waksi ya kupuliza huyaondoa. Yaliyokaa wiki kadhaa yanahitaji dawa yenye asidi hafifu, na hiyo ni ziada.

*Dawa ya matairi imeruka kwenye milango.* Umepaka nzito. Paka kwa sponji, subiri dakika kumi, kisha futa iliyobaki kwa taulo ya rimu kabla gari halijaondoka.

*Kemikali zinaisha upesi kuliko hesabu.* Pima chupa asubuhi na jioni kwa wiki moja. Kwa kawaida ni nozeli inayomwaga badala ya kutawanya, au mtu anayechanganya kwa macho.

*Siku zimejaa na pesa haibaki.* Linganisha dakika halisi na zile za hatua ya 6. Ukikuta kifurushi cha saa 3 kimekuwa cha saa 4, tafuta ulichoongeza bila kutoza. Mara nyingi ni siti unazoosha “kidogo tu” kwa sababu mteja ameomba kwa upole.

*Mteja anasema mwenzako anatoza nusu.* Usishushe bei ya kazi ile ile. Mpe kazi ndogo: nje bila waksi na bila fremu za milango, dakika 55 badala ya 80, na bei ipungue kwa dakika 25 hizo pamoja na waksi yake. Andika kwenye risiti kilichoondolewa, ili wiki ijayo asiulize mbona gari haling'ai.